Tulipu Ilikuja kwa Barua

Ikifika Februari, meza yangu ya jikoni si ya chakula tena. Watoto hula wakiwa wameketi kwenye ngazi, na mume wangu ameshazoea kusukuma rundo la bahasha kwa kiwiko ili apate pa kuweka kikombe chake cha chai. Mchana nafanya kazi ghalani. Usiku nafanya sanaa ya posta: natengeneza vitu vidogo vya karatasi, nabandika stempu, navitumbukiza kwenye sanduku la rangi ya chungwa pale kwenye kona ya mtaa, basi, sivioni tena. Siviuzi. Wengi wanaovipokea sijapata kuonana nao, na wala sina haja hiyo.

Tunaishi Lisse, Uholanzi, katika ukanda wa mchanga ulio nyuma ya vilima vya pwani, kati ya Leiden na Haarlem. Mchanga huo hautuamishi maji, ndiyo maana unayafaa matunguu ya maua, yale yanayofanana na kitunguu ambamo ua huota, na ambayo yakikaa kwenye tope huoza. Wageni wanaijua Lisse kwa bustani ya Keukenhof iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1950: hekta 32, na matunguu yapatayo milioni 7 yanayopandwa kwa mkono kila mwaka kabla ya baridi kali, ili watu waje kuyaona kwa wiki nane tu, kuanzia Machi hadi Mei. Mimi nikiingia humo huwa ni kwa ajili ya wageni. Maua ninayoyapenda yako nje ya uzio, kwenye kingo za mifereji na mbele ya nyumba za watu, na hayana tiketi.

Nilizaliwa Tanga, ambako ua halingoji ruhusa ya mwezi. Bogenvilia ya kwa mama imechanua tangu nina akili, na asumini zilichumwa jioni mtu akitaka kusuka kikuba. Sikujua kwamba ua linaweza kuwa kitu cha kungojewa. Huku ni kungoja tu. Kuna miezi ambayo saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, miti imebaki vijiti, na mtu unaanza kujiuliza ulifuata nini. Halafu mwishoni mwa Januari, chini ya uzio wa jirani, yanatokea galantusi: maua meupe, mafupi kuliko kidole, yameinamisha kichwa, na ndani yana alama ya kijani. Yanatoboa theluji kama ipo. Baada yake krokasi, ambazo hufumba baridi ikizidi na kufumbuka jua likizigusa. Machi dafodili, zenye umbo la tarumbeta katikati. Kisha hayasinti zenye harufu ya kuumiza kichwa, na mwisho, Aprili, tulipu. Mwaka wangu wa kwanza niliyafuata kwa mpangilio huo bila kujua kuwa ni mpangilio. Sasa ndiyo kalenda yangu, na ndiyo inayoniambia nani aandikiwe lini.

Ghalani ninakofanya kazi tunachambua matunguu. Hung'olewa Juni na Julai, yakakaushwa, yakamenywa, yakapangwa kwa ukubwa. Watu wengi huyaona maua haya kama kitu laini. Sisi tunayajua kwa upande mwingine. Vumbi la hayasinti linawasha kama upupu, kwa sababu tunguu lake lina fuwele nyembamba zenye ncha zinazoingia kwenye ngozi. Asiyevaa glovu na mikono mirefu siku hiyo atalala akijikuna shingo. Tulipu nazo zina kemikali inayokausha na kupasua ncha za vidole vya anayezishika msimu baada ya msimu. Nalisema hili kwa sababu nikituma kadi yenye hayasinti ya bluu, anayeipokea anaona uzuri, na mimi naona Agosti.

Aprili kuna jambo linalowashtua wageni. Shamba likiwa limejaa rangi hadi upeo wa macho, wakaguzi hupita kwenye mistari wakitafuta mimea yenye virusi na aina zilizochanganyika. Wakimaliza, inakuja mashine na kukata vichwa vyote. Ua likiachwa litoe mbegu, chakula kinakwenda juu. Likikatwa, majani yanaendelea kulilisha tunguu chini. Vichwa vinabaki vimelala katikati ya mistari, vingine vinarundikwa kando ya njia. Nilimsimulia mama kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hayo maua mnayoyakata, mnayala?"

"Hatuyali, mama."

"Mnayauza basi."

"Hatuyauzi. Tunauza kilicho chini."

"Makubwa haya! Na wenye shamba wanakubali?"

"Ndio waliotuma mashine."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya unga.

Ni vichwa hivyo vilivyonitia kwenye sanaa hii. Nilianza kuja nyumbani na mfuko umejaa petali, sijui za nini, ila moyo ulikataa kuziacha. Jirani yetu, bibi mmoja mwalimu mstaafu, aliniona nazitandaza juu ya magazeti akaniletea tangazo alilolichomoa maktaba. (Hapa kila mtu anamwita kwa jina lake tupu, hata watoto wadogo. Ulimi wangu umegoma. Namwita bibi, naye amekubali.) Tangazo lilikuwa la maonyesho ya sanaa ya posta, mada yake machipuko. Masharti yalikuwa mistari michache: hakuna kiingilio, hakuna kuchujwa, kila kitakachofika kitatundikwa, hakuna kitakachorudishwa, na kila aliyetuma atapelekewa orodha ya wote walioshiriki.

Bibi akanieleza asili yake. Mtu anayetajwa zaidi ni Ray Johnson, Mmarekani aliyezaliwa Detroit mwaka 1927, ambaye tangu miaka ya 1950 alikuwa akiwapelekea watu vipande vya karatasi vyenye michoro na maagizo: ongeza kitu, kisha mpelekee fulani. Mtandao wake ulikuja kuitwa New York Correspondance School, yaani shule ya kuandikiana ya New York, na mwaka 1970 jumba la sanaa la Whitney, New York, lilionyesha vitu vilivyotumwa na wale aliokuwa akiandikiana nao. Akaniambia pia juu ya On Kawara, Mjapani aliyekuwa akituma kadi mbili kila siku, kuanzia mwaka 1968 hadi 1979, kadi za kawaida za watalii, akigonga kwa muhuri saa aliyoamka siku hiyo. Ukiacha tarehe, majina na anwani, hakuandika kingine. Nimeamka saa fulani, mwisho.

Nilicheka, bibi akadhani nimedharau. Sikudharau. Nilimkumbuka baba.

Baba alikuwa mtu wa kadi za salamu. Waliokulia na redio kabla ya simu za mkononi hawahitaji kuelezwa; kwa wengine, ilikuwa hivi: unanunua kadi, unaandika jina lako na S.L.P. yako, unaorodhesha watu unaowasalimu, chini unaweka ujumbe wako, unatuma kwa posta. Siku ikifika, mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam anaisoma, na nchi nzima inasikia kwamba fulani wa shamba la mkonge Muheza anamsalimu shemeji yake aliyeko Tabora, na ujumbe wake unasema haraka haraka haina baraka. Watu walijuana kwa njia hiyo miaka mingi bila kuonana uso. Walikuwa na majina yao ya redioni, na wengine walifunga safari kwenda kuzikana.

Kadi za baba zilikuwa na kitu kimoja ambacho sikukielewa nikiwa mtoto. Alizipamba. Alichora mpaka wa maua kwa kalamu nyekundu na ya kijani, taratibu, ulimi ukiwa nje, usiku, kwa taa ya chemli. Nilimwambia, baba, redioni hawaoni rangi. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mtangazaji anaona."

Kwa hiyo bibi aliponieleza masharti ya tangazo lile, hayakuwa mageni. Unatuma kwa mtu usiyemjua. Hujui kama kitasomwa. Hudai. Baba hakuwahi kwenda kuuliza kadi yake imeishia wapi. Isiposomwa Jumamosi hii aliandika nyingine. Nimewaona wanaoingia sanaa hii wakiwa na daftari la deni: nilimtumia tatu, amenijibu moja. Wengi wao hawafiki mwaka wa pili.

Baadaye nikajua kwamba hata tulipu yenyewe ilifika hapa kwa njia ya barua. Watu wakizungumzia historia ya ua hili hukimbilia mwaka 1637, ile homa ya biashara watu walipouziana matunguu kwa bei ya nyumba kisha soko likaanguka. Mimi hadithi hiyo imenichosha. Ninayoipenda ni ya Carolus Clusius, mtaalamu wa mimea aliyekuja Leiden mwaka 1593, akiwa na umri wa miaka sitini na kitu, kuanzisha bustani ya chuo kikuu. Tulipu alizopanda huko zilichanua mwaka uliofuata. Alizipataje? Kwa kuandikiana. Ogier Ghiselin de Busbecq, aliyekuwa balozi wa Wahabsburg, ukoo wa kifalme wa Ulaya, huko Istanbul, alikuwa miongoni mwa watu waliompatia mbegu na matunguu kutoka upande wa Waturuki, na Clusius naye akayagawa kwa marafiki Ulaya nzima. Waliandikiana wafamasia, mabalozi, wakulima, na wanawake wenye bustani zao, kama Marie de Brimeu, binti wa ukoo wa makabaila. Zaidi ya barua elfu moja alizoandikiwa bado zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Leiden. Humo kuna salamu, malalamiko ya ugonjwa, maswali ya tunguu gani limekufa na lipi limeota. Bustani yake ya Leiden bado ipo, nami huenda huko kwa basi nikipata Jumamosi ya mapumziko, na nikiwa pale siwafikirii wale wafanyabiashara kabisa. Nafikiria pakiti ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, imepakiwa juu ya farasi, na mtu wa upande wa pili asiyejua kama itafika ikiwa hai.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: kujua nini kinasafiri na nini hakisafiri.

Ua zima halisafiri. Mashine za kuchambulia barua zinapitisha bahasha kati ya mikanda na magurudumu kwa kasi kubwa, na chochote kilichovimba kinasagwa. Nta ya kufungia inapasuka. Kwa hiyo unakausha, na kila ua lina tabia yake. Tulipu ni mbishi: petali zake ni nene na zimejaa maji, ukiikandamiza nzima inageuka kahawia na kunuka kabla haijakauka. Lazima uichambue petali moja moja, uweke katikati ya magazeti, ubadilishe magazeti kila siku mwanzoni. Uzito wangu ni kamusi mbili na mfuko wa mchele wa kilo kumi, na familia inajua siku hizo wali haupikwi mpaka nimeruhusu. Dafodili ipasue ile tarumbeta yake kwa wembe, ukaushe nusu. Hayasinti ing'oe viua vyake kimoja kimoja kwenye shina. Krokasi inakauka vizuri lakini inabaki nyembamba hata unaona maandishi kupitia kwake, jambo ambalo mimi nalipenda, kwa hiyo huibandika juu ya neno ninalotaka msomaji alitafute.

Na hata likikauka, rangi haidumu. Bluu inakimbia kwanza, nyekundu inafuata. Zaidi ya hapo kuna sheria za afya ya mimea. Tangu Desemba 2019 karibu mmea wowote hai unaoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje lazima uwe na cheti, na nchi nyingine zina masharti yao, baadhi makali hata kwa mimea iliyokauka. Kwa hiyo nje ya Ulaya situmi ua. Natuma alama yake tu.

Alama nazitengeneza kwa namna mbili. Ya kwanza ni mihuri ninayochonga kwenye raba za shule kwa kisu kidogo. Raba moja inatosha galantusi moja. Ya pili niliipenda zaidi kwa sababu dawa yake ilikuwa tayari kabatini. Unachukua manjano, yale ya kuungia pilau, unayakoroga kwenye spiriti, unachuja, unapaka karatasi katika chumba chenye mwanga hafifu. Ikikauka unalaza ua juu yake, unafunika kwa kioo, unaweka juani. Jua linafuta manjano pale linapofika, na pale ua lilipofunika rangi inabaki. Kisha unapitisha maji yenye boraksi kidogo, ile chumvi ya kufulia, na ile njano inageuka kahawia nyekundu. John Herschel, mwanasayansi wa Kiingereza, alikuwa akijaribu kutengeneza picha kwa maji ya maua na majani mwaka 1842, na namna yake bado ni hii hii. Hakuna wino, hakuna kamera. Udhaifu wake ni kwamba haikomi: picha ikiwekwa kwenye mwanga inaendelea kufutika. Nyuma ya kila moja naandika, "Weka ndani ya kitabu." Wapo walioniandikia kwamba waliitundika ukutani kwa makusudi waone itachukua muda gani. Sawa, ni yao.

Jua la Machi la Uholanzi ni la kubembeleza. Picha moja inaweza kukaa dirishani siku nyingi, na mvua inaharibu hesabu yote. Nilimwandikia mpwa wangu Tanga namna ya kufanya. Akatumia asumini na majani ya mwarobaini, akaianika juu ya bati asubuhi, na kufika mchana ilikuwa tayari. Ikaja kwangu kwa bahasha ya shule. Ndiyo nzuri kuliko zangu zote, na sijaitoa ndani ya kamusi.

Kila nikipiga simu nyumbani yupo anayetaka mbegu za tulipu. Namweleza, haamini, anadhani nabania. Tulipu ya mbegu inachukua miaka mitano, sita au zaidi kabla ya kuchanua. Tunguu nalo linahitaji majuma kumi na mawili au zaidi ya baridi ya kweli kabla halijakubali kutoa ua. Bila hiyo linatoa majani, tena kwa kinyongo. Kuna binamu yangu Lushoto anayesema kwao ni baridi. Nimemwambia baridi ya sweta siyo inayotakiwa. Bado ananiandikia.

Upande wa posta nimejifunza kwamba kupamba bahasha ni kujadiliana na mashine. Anwani iwe kwenye eneo jeupe, kwa herufi zinazosomeka, hata kama kila kitu kingine kimefunikwa na petali. Sehemu ya chini kabisa iachwe wazi, kwa maana mashine hugonga mistari yake hapo. Stempu ikae kona ya juu kulia. Pima kwa mizani ya jikoni: petali na gundi zikivusha gramu 20, unalipa zaidi. Sehemu ya nyuma fanya unavyotaka.

Nyumbani mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa barua nyingi bado zinakwenda kwenye S.L.P., na familia moja inategemea sanduku la shule, la msikiti au la kazini. Kaka yangu ni mwalimu, kwa hiyo barua zangu zinapitia shuleni. Zamani alikuwa akizificha. Aliona aibu kupokea bahasha zenye maua mbele ya wanafunzi. Siku hizi anasema mkuu wa shule ndiye anayeuliza kama imekuja nyingine, na stempu zinagombewa na darasa la tano.

Huku nako posta inabadilika. Tangu 2014 barua za kawaida hazigawiwi Jumatatu. Zile za misiba bado zinagawiwa. Denmark, ambako nina watu wawili ninaoandikiana nao, posta ya taifa iliyoanza mwaka 1624 iliacha kabisa kugawa barua mwishoni mwa Desemba 2025, na sasa zinapelekwa na kampuni nyingine. Mmoja wa hao wawili alinitumia picha ya mahali palipokuwa na sanduku jekundu mtaani kwake: matundu manne ya boliti kwenye lami. Hakuandika neno. Nikachonga muhuri wa krokasi nne, nikaugonga kwenye ile picha, kila moja imeota kwenye tundu, nikairudisha. Barua ilifika, tena mapema kuliko nilivyotarajia.

Mwaka huu natuma kadi za salamu. Nimezichapa upya kwa mtindo ule ule wa baba: jina na anwani ya mtumaji, mistari ya majina ya wanaosalimiwa, chini ujumbe. Mpaka wa tulipu umegongwa kwa mkono, wekundu na kijani. Maagizo ni kwamba ukiipata, ongeza jina la mtu unayemsalimu, kisha mpelekee mwingine, na anayejaza mstari wa mwisho airudishe kwangu. Nimeziandika kwa Kiswahili, Kiholanzi na Kiingereza. Moja imerudi ikiwa na majina ya watu wa Ubelgiji, Brazili na Japani, mengine siwezi hata kuyasoma, na ujumbe wa mmoja wao unasema mbwa wake anapona.

Nilimsomea mama kwenye simu, jina moja moja, kama wasomavyo redioni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wazuri hao," akasema. "Na shangazi yako wa Pangani umemweka mstari gani?"

Sikuwa nimemweka. Nikamwambia anaingia kwenye ya leo.

"Muweke juu," akasema mama, "asije akasema amefuata baada ya Mjapani."